Taa ya Mkia

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Maana ya methali hii si ngumu. Kila kichwa kimeota mazao yake, na hajazaliwa kinyozi awezaye kuyahamisha kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Taabu ni kwamba wengi wetu huisema kwa mdomo tu. Ikifika zamu ya kuiamini, kila mmoja hudhani nywele zake ndizo ndefu kuliko za watu wote. Mzee Semboja wa Korogwe ya Zamani alidhani hivyo kwa miaka mingi, tena yeye alikuwa na upara.

Mzee Semboja alikuwa gadi wa treni. Gadi ndiye asafiriye katika behewa la mwisho, ndiye mwenye filimbi, bendera na taa. Alipanda na kushuka na reli ya Tanga mpaka mvi zikamwota na baadaye zikamwacha, na katika kazi zake zote aliiheshimu moja kupita nyingine: kutundika taa nyekundu nyuma ya behewa la mwisho. Watu wa reli huiita taa ya mkia. Treni ikipita stesheni, stesheni masta hutazama mkia wake. Akiiona nyekundu anajua treni imepita yote, hakuna behewa lililokatika njiani. Asipoiona, haruhusu treni nyingine kuingia. Na treni ikitaka kurudi ilikotoka bila kugeuzwa, gadi huchukua taa yake, hutembea kando ya mabehewa mpaka upande wa pili, akaitundika huko. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu, hiyo ndiyo sheria.

Sasa alikuwa na umri wa miaka sabini na minne, na macho yake yalikuwa yanafunga. Ilikuwa presha ya macho, na daktari hakumficha. "Mzee, dawa zitachelewesha tu," alimwambia. Semboja aliona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: katikati mna mwanga, pembeni giza, na bomba lenyewe lilizidi kuwa jembamba kila mwezi. Kwa mwanga huo mdogo uliobaki alitaka kuona kitu kimoja tu kabla haujazimika.

Kitu chenyewe kilikuwa juu ya meza ya sebuleni. Mgeni mmoja mpenda reli, aliyekuja Korogwe kupiga picha injini za zamani, alimwachia zawadi ya vipande vya reli yenye upana wa kidole gumba, kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha, na behewa moja dogo linalojiendesha lenyewe, mota yake imefichwa tumboni. Ukizungusha kitufe kulia, behewa linakwenda. Ukikizungusha kushoto, linarudi. Stesheni Semboja alizikata mwenyewe kwenye maboksi ya biskuti, Korogwe mwisho huu wa meza na Mombo mwisho ule. Behewa lilikuwa na viti, milango na hata vyoo vya kuchora, ila halikuwa na taa.

"Nataka taa inayojihamisha yenyewe," alimwambia mkewe, Bi Hamisa. "Likienda, nyekundu iwe nyuma. Likirudi, nyekundu iwe nyuma. Mkono wa mtu usiguse."

"Umri huu, na bado unacheza treni," Bi Hamisa alijibu, lakini alimwitia fundi.

Fundi aliyeitwa alikuwa Athuman, mtengenezaji wa redio na simu pale stendi ya Korogwe, kijana mchangamfu asiyeogopa waya. Semboja alimpa maelekezo kama bosi. Alidondosha tone la rangi ya bluu kwenye kona moja ya behewa akasema, "Huu ni upande wa gadi. Nyekundu inakaa hapa." Athuman akafunga vitaa vidogo kama vile vya tochi, nyeupe huku na nyekundu kule. Behewa lilikwenda Mombo vizuri, mzee akatabasamu. Liliporudi, nyekundu ikatangulia. Semboja alipiga meza kofi hadi stesheni ya Mombo ikaanguka.

"Athuman! Umeniletea treni inayokimbia na mkia puani?"

Mara ya pili Athuman alifunga swichi ndogo chini ya behewa, ya kubadili rangi kwa kucha. Mzee aliipapasa, akairudisha. "Swichi ya mkono? Basi bado nabeba taa mwenyewe." Mara ya tatu fundi aliketi, akafuta jasho na kukiri kwamba maji yamemfika shingoni.

"Mzee wangu, taa haina akili. Itajuaje behewa linaelekea wapi?" Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akaongeza, "Ila yupo mama mmoja Handeni sokoni, anafunga sola. Vikinishinda, mimi mwenyewe ndiko napeleka. Anaitwa Sintamei, binti wa Mzee Ledama, yule mfugaji."

Kusikia jina la Ledama, uso wa Semboja ulibadilika. "Mmasai?" alisema kwa ukali. "Atanifungia taa au ataniuzia dawa za mizizi? Watu wa ng'ombe wana akili za ng'ombe."

"Haya, mwenye nywele ni wewe," Bi Hamisa alisema, akimpitishia kiganja juu ya upara. Athuman alicheka mpaka akakohoa. Semboja hakucheka, kwa sababu yale maneno ya akili za ng'ombe yalikuwa yamewahi kutoka kinywani mwake siku nyingine, na tangu siku hiyo hayakumpa raha.

Ilikuwa zaidi ya miaka thelathini nyuma, porini upande wa Handeni, jua likizama. Treni ya mizigo ilitakiwa irudi nyuma hatua chache, iingie njia ya pembeni kupisha nyingine. Sheria ilimtaka Semboja aihamishe taa. Mabehewa yalikuwa ishirini na mawili, na miguu ilikuwa inamuuma. Akajiambia, kwa hatua chache hizo nani ataona? Akaiacha nyekundu palepale. Treni ikaanza kurudi nyuma, taa ya mkia ikiwa imetangulia.

Aliyeona alikuwa Ledama. Mfugaji huyu hakuwahi kukanyaga darasa, lakini kwa kutazama tu jioni baada ya jioni alikuwa amejifunza kwamba nyeupe ni treni inayokuja na nyekundu ni treni inayoondoka. Aliiona nyekundu, akavusha mifugo yake. Ng'ombe wawili walikufa. Treni iliposimama alikuja hadi kwenye behewa la gadi, akauliza swali moja tu: "Mbona taa yenu inasema mnaondoka?" Semboja, mbele ya dereva na vibarua, akamjibu, "Mtu wa ng'ombe, una akili za ng'ombe." Watu wakaangua kicheko. Kwenye ripoti akaandika kwamba mchungaji aitwaye Ledama alizembea, na ukweli hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe.

Sasa msomaji umejua kwa nini mzee huyu hakulala kwa ajili ya kitaa kidogo kuliko punje ya mahindi. Alitaka aone, walau mara moja, taa isiyoweza kusema uongo. Na mtu pekee wa kuitengeneza alikuwa binti wa yule aliyemdhulumu. Kwa wiki nzima aligoma kwenda. Alisingizia basi, akasingizia jua la Handeni, akasingizia hata kikohozi ambacho hakuna aliyekisikia.

Asubuhi moja alijimiminia chai. Chai yote ikaenda mezani, kikombe kikabaki kikavu, na yeye hakutambua mpaka ilipomchoma mapajani. Bi Hamisa alileta kitambaa akafuta. Semboja akapiga moyo konde.

"Mama Chausiku," alimwambia mkewe, "twende Handeni."

Walifika sokoni kabla ya adhuhuri, Bi Hamisa amemshika mkono na yeye amekumbatia boksi lililofungwa kwa kanga. Kibanda cha Sintamei kilijulikana kwa mbali kwa paneli mbili za sola juu ya bati na simu za watu zilizoning'inia kwenye nyaya kama samaki wa kukaushwa. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, amejifunga shuka, shanga shingoni, miwani ya kusomea imeteremka hadi ncha ya pua.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Karibuni mkae."

"Marahaba, binti. Baba yako yupo?" Semboja aliuliza kabla hata ya kukaa.

"Yuko mnadani na mbuzi wake. Atapita."

Semboja alifungua boksi, akaeleza shida yake kwa sauti ya chini kuliko ile aliyoitumia kwa Athuman. Sintamei aliligeuzageuza behewa, akalipuliza vumbi, akaliangalia tumboni.

"Hili tone la rangi ni la nini?"

"Ni upande wa gadi. Nyekundu inakaa hapo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na behewa likirudi, gadi anakaa wapi?"

Semboja aligusa lile tone kwa kidole. "Anahama," alisema hatimaye. "Anachukua taa yake, anatembea hadi upande wa pili."

"Basi hapa hakuna upande wa gadi, mzee. Fundi wako hana kosa. Ulimwagiza afunge taa ya gadi aliyekaa, na wewe unataka ya gadi anayetembea." Alichukua wembe, akalikwangua lile tone la bluu mpaka likaisha.

Mzee alipigwa na butwaa. Miaka yote ile ya kubeba taa, na hakuwahi kuliona jambo lililokuwa miguuni pake. Aliinamisha kichwa, akauliza kama mwanafunzi, "Nani atatembea, sasa, kama si mtu?"

"Umeme." Sintamei alichukua kitaa kimoja chenye miguu miwili ya waya, akamwekea kiganjani. "Umewahi kuona josho la ng'ombe? Njia yake ni nyembamba. Ng'ombe wanaingilia huku, wanatokea kule, hakuna awezaye kugeuka. Kitaa hiki ndivyo kilivyo. Umeme ukiingia kwa mguu huu, unapita na kinawaka. Ukija kwa mguu ule, unakuta pamefungwa. Mimi nimelijua hili kwenye sola. Kule ndani kuna mlango wa namna hiyo hiyo, ili giza likiingia betri isirudishe umeme juu kwenye paneli."

"Na huo umeme utajuaje tunakoelekea?"

"Wewe ndiye unauambia. Ukizungusha kitufe kulia, umeme unapanda kwa reli hii, unashuka kwa ile. Ukizungusha kushoto, unapanda kwa ile, unashuka kwa hii. Ndiyo maana mota inageuza mwendo. Sasa, mzee, ikiwa mota inajua, kwa nini taa isijue?"

Bi Hamisa, ambaye hadi hapo alikuwa akipepea nzi, aliacha kupepea. "Subhanallah," alisema taratibu. Semboja alirudia moyoni: ikiwa mota inajua, kwa nini taa isijue? Lilikuwa swali jepesi mno, na kwa wepesi wake lilimtia woga.

Sintamei alifanya kazi yake. Kila mwisho wa behewa alifunga vitaa viwili, cheupe na chekundu, kimoja kimeelekezwa huku na mwenzake kule, ili kimoja kikifungiwa mlango kingine kifunguliwe. Akaongeza rezista, kipande kidogo chenye mistari ya rangi, kupunguza nguvu ya umeme visiungue. Moshi mwembamba wa risasi ya kulehemu ukapanda. Alipomaliza alipanga reli juu ya meza, akachomeka kisanduku, akafunga mlango na kutundika kanga dirishani. Kibandani mkawa na giza mchana wa jua kali.

"Zungusha, mzee. Polepole."

Semboja aligusa kitufe. Mbele ya behewa ikawaka nyeupe, nyuma ikawaka nyekundu, na behewa lenyewe bado halijasogea. Taa zilitangulia mwendo! Zilijua safari kabla safari haijaanza. Kisha behewa likaondoka taratibu, nyekundu ikifuata nyuma kwa adabu kama alivyoifuatisha yeye katika ujana wake. Lilipofika mwisho alizungusha kitufe kushoto. Kufumba na kufumbua nyekundu ikahamia upande wa pili, na nyeupe ikachukua mahali pake. Hapakuwa na aliyetembea, wala hatua za buti kwenye kokoto hazikusikika. Machozi yalimtoka mzee, naye hakuyaficha.

Lakini gadi ni gadi. Alifuta macho, na ubishi ukamrudia. Alilinyanyua behewa, akaligeuza, kichwa kikawa mkia na mkia ukawa kichwa, akalirudisha relini. "Sasa tutaona," alisema. "Sasa nyekundu itatangulia tu."

Alizungusha kitufe. Behewa likaenda kulekule kulikoelekezwa na kitufe, na mbele ilikuwa nyeupe, nyuma nyekundu. Aligeuza tena, akajaribu tena. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu.

"Limejuaje nimeligeuza?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Halijui," Sintamei alisema. "Ukiligeuza, magurudumu ya reli hii yanakwenda reli ile, na milango ya taa nayo inageuka pamoja. Haliulizi uso wake uko wapi. Linauliza reli, na reli haina sababu ya kudanganya."

Semboja alishika ukingo wa meza. Alijiona mdogo mbele ya kitu kinachoenea kiganjani, na jambo la ajabu ni kwamba udogo ule haukumuudhi. Alizungusha kitufe mara nyingine, behewa likawa linakwenda zake, ndipo sauti nzito ikasikika kutoka mlangoni, ambako ufa wa mwanga ulikuwa umefunguka.

"Nyekundu. Linaondoka."

Sauti ile hakuwa ameisikia kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini aliitambua. Ledama alisimama pale na fimbo yake, mrefu bado, mvi tupu kichwani. Mkono wa Semboja ulikuwa bado juu ya kitufe. Alikizungusha kushoto.

"Nyeupe," Ledama alisema. "Linakuja. Ondoa ng'ombe."

Hakuna aliyecheka. Semboja alisimama, akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa mwenzake.

"Mzee Ledama, mimi ni yule gadi. Siku ile sikuihamisha taa. Niliona uvivu wa kutembea. Wewe uliisoma sawasawa, taa yangu ndiyo iliyosema uongo. Kisha nikakutukana mbele ya watu, na nikaandika kwamba kosa ni lako. Nisamehe."

Bi Hamisa alimtazama mumewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Ledama hakuharakisha. Aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Mtu anayejua amekosa hupiga kelele. Ng'ombe, Mungu alinipa wengine. Neno lile ndilo sikupata pa kulipeleka. Mtoto huyu alikuwa kando yangu, miaka sita, amekukazia macho. Akaniuliza njiani, baba, sisi tuna akili za ng'ombe? Nikamwambia, kachunguze."

Wote wakamgeukia Sintamei. Alikuwa anasafisha kile chuma chake cha kulehemu, na hakuinua uso. "Nimechunguza," alisema.

Ledama aliukaza mkono wa Semboja ndani ya wake. "Umekuja mwenyewe, kwa macho haya. Mambo yale yameisha, gadi. Kaa chini, unionyeshe tena treni yako."

Baada ya miezi minne lile bomba la mwanga lilifunga kabisa. Mzee Semboja hakuliona tena behewa lake, wala uso wa mkewe. Hata hivyo meza ya sebuleni kule Korogwe ya Zamani haikuondolewa, na kila Ledama alipoteremka mjini kwa mnada alipita hapo kunywa chai. Semboja alikaa kwenye kitufe, Ledama akakaa kwenye taa.

"Nyekundu, linaondoka."

"Una hakika?"

"Mimi na taa za reli, gadi, sijawahi kuzikosea."

Siku moja Athuman fundi aliwakuta katika hali hiyo, kipofu akiendesha na mfugaji akimsomea taa, akasimama mlangoni asijue acheke au alie. Bi Hamisa alimpita na birika, akamwekea mumewe kikombe mkononi, na kama ilivyokuwa desturi yake akampangusa upara.

"Athuman," Mzee Semboja aliita aliposikia hatua zake, "uliwahi kuniambia taa haina akili. Nami nikasema mfugaji hana. Tulikuwa wawili tuliokosea, ila mimi nilikosea zaidi, maana niliambiwa ukweli na mtu aliyeusoma kwenye taa yangu mwenyewe, nami nikamtukana. Waambie na wenzako pale stendi: akili ni nywele, kila mtu ana zake."